Sare ya Klabu

4 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ni baridi tu inayonisumbua masikio. Natumaini hujambo, na mguu wa kukanyagia cherehani umeacha kuuma.

Masomo ya famasia yamepamba moto. Kutwa niko maabara napima unga kwa mizani isiyotaka hata nipumue karibu yake. Ila mwenzangu wa chumba, tunayemwita Komando kwa sababu hulala na viatu, ameniingiza kwenye klabu moja. Tunakesha! Nachoka, lakini nafurahi. Sasa ni kila Ijumaa.

Mwanao

21 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, mguu umetulia. Barua yako nimewasomea wateja hapa dukani, mashine zote mbili zikasimama.

Klabu! Mimi shuleni nilikuwa klabu ya hesabu, tukimaliza saa kumi na mbili jioni tunajiona tumesoma. Nyie mnakesha kabisa! Mwalimu mstaafu, aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, amesema hiyo ndiyo elimu. Mdogo wako nimemwambia naye atafute klabu. Usikose hata Ijumaa moja. Sare yenu ni rangi gani?

Mama yako

10 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Sare si lazima, mama. Wengi huvaa nyeusi. Naandika mbiombio, nina jaribio.

Mwanao

2 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Mbona barua imekuwa fupi kama risiti? Pokea shati jeusi. Mfukoni nimetarizi KLABU kwa uzi wa dhahabu, siku mbili nzima, mpaka wateja wakanuna. Livae wakuone una kwenu.

Mama yako

15 Januari

Mama,

Shikamoo. Afya ninayo, ila sina raha.

Klabu si ya masomo. Ni ya muziki. Iko chini ya duka la viatu, unashuka ngazi, mlangoni wanakugonga muhuri wa wino mkononi, unacheza mpaka alfajiri. Halafu tunarudi kwa miguu katikati ya barabara, hakuna gari, tunacheka hovyo. Siwezi kusema sikufurahi, mama. Nilifurahi sana. Ulipoelewa vibaya nikaona nikuache hivyo hivyo, na Ijumaa ikazaa Jumatano na Jumamosi.

Kemia ya dawa nimepata thelathini na moja. Narudia tarehe 28 Machi. Nikifeli tena wananifukuza chuo.

Shati lako nililivaa. Watu wakadhani mimi ni mhudumu wa pale, wakaniagiza vinywaji. Nilicheka nao, kisha nikaenda kusimama chooni peke yangu, nikaona haya.

Nisamehe.

Mwanao

26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira sishiki mkasi wala kalamu.

Barua yako ilifika duka limejaa. Nikaifungua, nikaanza kusoma kwa sauti kama kawaida yangu. Nilipofika "si ya masomo", ulimi ukakwama. Mwalimu mstaafu akasema, "Endelea mama, tunasikiliza." Basi nikaendelea, ila si uliyoandika. Nikasoma kwamba klabu imekuchagua uwe katibu. Nikasoma kwamba kemia umepata sabini na mbili. Wakapiga makofi. Nikaikunja karatasi, nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikaisoma yote kimya, nikalia.

Niliumia, sikufichi. Si kwa ajili ya dansi. Baba yako sikumpata klabu ya hesabu. Kilichoniuma ni kwamba mwanangu aliniacha nijisifu mbele za watu miezi mitatu, na anajua.

Mdogo wako ndiye pekee niliyemwambia ukweli. Alicheka mpaka nikamfukuza dukani.

Ijumaa moja moja sikukatazi; kijana asiyecheza huja kuchezea mambo makubwa uzeeni. Lakini mpaka tarehe 28 Machi nataka usikie muziki wa mizani tu. Wateja wangu wanaijua sabini na mbili, na mwalimu mstaafu ameshamwambia kila mtu. Sijawahi kuwadanganya watu hawa hata kwa nusu mita ya kitambaa.

Basi kaa chini usome. Ile barua niliyowasomea, nenda kaiandike wewe.

Mama yako