Wanangu Wanagombea Udogo

Binti yangu Marsela wa safu ya ushauri gazetini, nisaidie kabla sijazikwa: kwa miaka hamsini na miwili nimeficha kwamba sijui yupi kati ya mapacha wangu alitangulia kuzaliwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Rhotia, na siku Leonida mke wangu alipojifungua nilikumbuka mapacha wa Tamari katika Mwanzo, nikamfunga wa kwanza uzi mwekundu mkononi, lakini asubuhi ya ubatizo nilipokuwa nikiwaogesha uzi ukachopoka, nikaufunga tena kwa mmoja, nikatangaza kwamba huyu ndiye Kulwa, mkubwa, abatizwe Silvanus, na mwenzake Doto awe Lazaro, na tangu hapo Lazaro amempa pacha wake shikamoo kila asubuhi huku akilalamika. Majuzi, nikiwa nimeshikiliwa na watu wawili, nilifundisha kanisani kwamba Mungu hupenda kuchagua mdogo, alimwacha Esau akamtwaa Yakobo, akawapita wana saba wa Yese akamfuata Daudi machungani, nikaongeza kwamba nami nitambariki mmoja. Kesho yake Silvanus, mwenye wajukuu, akamfuata mwenzake kwenye shamba la maharage ya ngwara.

"Shikamoo, kaka."

Lazaro akadondosha jembe. "Kaka yako nani? Vichwa vya mbuzi umekula wewe miaka yote, leo udogo umeupata wapi?"

"Shikamoo nimeshatoa. Itikia!"

"Siitikii!"

Sasa wakija kuniona hakuna anayekubali kutangulia mlangoni, maana anayetangulia ndiye mkubwa, wanasimama pale, "pita wewe," "mkubwa ni wewe, pita," hadi mkwe wangu Angelina ananipitishia uji dirishani. Nitakufa peke yangu nikiwasikia wanangu wakikaribishana. Nimbariki yupi?

Mzee Qamara, Rhotia

*

Shikamoo, mzee. Pole kwa maradhi, ila nusu ya pole hiyo mpelekee Lazaro. Mwalimu mzima, sura hukuisoma mpaka mwisho? Mtoto aliyefungwa uzi alirudisha mkono ndani, mwenzake akatoka kwanza! Mungu huchagua mtu kwa kazi. Wewe uchaguzi wake umeufanya foleni ya shikamoo.

Godoro lako litolewe uani, pasipo mlango. Waite wote wawili, waambie ukweli, kisha wabariki pamoja kwa sentensi moja, usije ukaishiwa pumzi katikati. Na kuna jambo limenikwama. Uzi ulichopoka, sawa. Kwa nini ulimfunga yule na si huyu? Hilo nalo liseme, usiende nalo.

*

Binti yangu, godoro lilitolewa jana. Niliwaeleza habari ya uzi. Kisha Lazaro akaniuliza swali lako lilelile, nami nikamjibu. Mungu hakuwa na neno katika jambo lile. Asubuhi ile ya ubatizo nilikuwa nimevaa suti yangu ya kwanza, na Lazaro akanikojolea.