Wasifu Wako kwa Mara ya Pili

Baba yangu,

Nimekisoma kile kitabu chako hadi mwisho. Ndiyo, kile kinene cha Kifaransa, wasifu wa mwanafizikia ambaye jina lake mezani kwetu lilitajwa mara nyingi kuliko la babu. Kilinichukua miezi miwili, na karibu chote nilikisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya basi. Tangu mafuta yaadimike, kutoka dukani mtaa wa Asiatique ninakouza taa na nyaya hadi nyumbani mtaa wa Kamenge ni safari ya kungoja kuliko ya kwenda. Wenzangu wanachezea simu. Mimi nilikuwa nasoma habari za mtu aliyependa mahesabu kuliko wakwe zake.

Sikukisoma kwa mapenzi, nikuambie ukweli. Mwaka ulikuwa unatimia tangu utuache, na siku ya kuganduka, ya kumaliza matanga, ilikuwa imekaribia. Unaijua desturi: watu wanaketi chini ya hema, wanakunywa, kisha mmoja wa familia anasimama kusoma wasifu wa marehemu. Safari hii zamu iliniangukia mimi. Nikaona kwanza nitazame maisha ya mtu yanavyoandikwa na wanaojua kuandika.

Siku ya mazishi alisoma kaka. Alisoma vizuri, kwa sauti yake ya redio. Alisema ulizaliwa wapi, ulibatizwa wapi, ulimuoa nani, na kwamba kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa profeseri wa fizikia kwenye lisee, mwalimu wa shule ya sekondari. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Hukuwa profeseri. Ulikuwa mtayarishaji wa maabara. Ulifungua asubuhi, ukapanga vyombo, ukaunganisha nyaya, ukaosha vioo, zile bilauri na chupa za majaribio, na profeseri alipoingia kwa mlango wa mbele wewe ulitoka kwa wa nyuma. Lakini koti jeupe ulikuwa nalo. Mama alilifua kila Ijumaa akalianika uani, na mtaa mzima ukaliona. Mtaa haukuuliza. Mwenye koti kama lile ni daktari au profeseri, na daktari hungeweza kuwa, kwa sababu sindano ulikuwa unaziogopa kuliko sisi watoto.

Wewe hukudanganya mtu. Nilidanganya mimi. Nilikuwa darasa la tano, tukapewa fishi, ile fomu ya shule ya kujaza, na palipoulizwa kazi ya baba nikaandika: profeseri. Nilikuletea uweke sahihi. Uliisoma yote polepole, umesimama mlangoni, koti bado mwilini. Nilikuwa nangoja kofi. Ukaweka sahihi, ukanirudishia kalamu.

"Bon," ukasema. "Basi tutajikaza."

Wiki ile ile ndipo ulipokileta nyumbani hiki kitabu, ulichoachiwa na Mfaransa mmoja alipomaliza mkataba wake. Ulikisoma kila jioni na kamusi pembeni, ukatusimulia, ukachora mawimbi kwa kidole kwenye unga wa mama. Siku zile nilidhani umekipenda tu. Sasa nadhani ulikuwa unajaribu kuwa yule mtu niliyemwandika kwenye fishi. Hilo linaniuma, baba, na sijui nilifanyeje.

Halafu nikafika kwenye jaribio kubwa la mwanafizikia. Mwandishi amelitengea sura tatu nzima: siku ile alikula nini, mvua ilinyesha kiasi gani, alimwandikia mke wake maneno gani. Kuhusu chombo chenyewe kuna sentensi moja. Kilitengenezwa na fundi wake wa vioo, basi, habari inaendelea. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, nikaona mwandiko wako unaolala kinyumenyume: "Jina lake nani?" Kurasa arobaini mbele fundi anaugua, jaribio linasimama mwezi mzima kwa ajili yake. Pembeni: "Bado hawajasema." Nikakipekua hadi ukurasa wa mwisho. Hawakusema.

Siku ile nilikuwa wa nne kwenye foleni, na basi liliondoka bila mimi, nikiwa bado napekua.

Nilimwambia mama kwamba nitaandika ukweli. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Unataka kumushusha baba yako mbele ya watu?"

"Apana, mama. Nataka wamujue na kazi yake."

"Watacheka. Kesho yake we utaenda ku duka yako. Mi nitabaki hapa na majirani."

Hapo alikuwa na haki. Usiku nikauandika ukweli vile vile.

Jumamosi nilisimama chini ya hema. Mama alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani. Nikasoma kwamba ulikuwa mtayarishaji wa maabara. Kwamba hukufundisha. Kwamba kila jaribio lililofanikiwa kwenye lisee ile kwa miaka thelathini na mmoja uliliunganisha wewe, kisha ukatoka nje. Mtu akakohoa nyuma. Jirani yetu wa mkono wa kulia akageuka taratibu kumtazama mama.

Mama hakusimama. Alisema kwa sauti, kila mtu asikie: "Na hakuvunja ata kioo moja! Andika na hiyo."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, na mtu mmoja akapiga makofi. Nikatoa kalamu nikaandika pale pale, mbele yao. Uongo mtupu, baba, unajua. Vile viwili ulivyopasua ukavileta vimefungwa kwenye gazeti bado viko kabatini, na mama ndiye anayevitumia kuwekea vijiko. Lakini nani angebishana na mjane siku ile?

Kitabu nimekirudisha mahali pake, juu ya kabati. Kabla ya kukirudisha nilifungua ule ukurasa wenye swali lako. Jina la fundi yule sikuwa nalo, na sidhani kama kuna aliye nalo. Nimeandika lako.

Pumzika, baba. Vyombo vimeoshwa.

Binti yako, yule aliyejaza fishi