Mama, Nimeitoa Chumvi ya Kisima Chako

Mama wa Yamumbi,

Nimechoka, kwa hivyo usitarajie mwandiko mzuri. Wiki iliyopita Kiprono alipiga simu kutoka kwake Kapseret, na ile sauti yake ya kifungua mimba, akasema kisima chako kinafukiwa. Lori la mawe lingekuja Jumamosi. Maji yale, alisema, yameharibu meno ya watoto wake vya kutosha kila wakija hapa likizo.

Mimi na wewe tunajua hakukosea. Unakumbuka siku maji yalipotoka? Ulikuwa umeuza ng'ombe wawili ndio mchimbaji aanze kazi. Ukaonja wa kwanza, kisha ukawatangazia majirani kwamba ni matamu. Nilipoonja nikasema yana chumvi. Ukaniambia, "Basi mboga zimepata bahati." Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutaja chumvi hapa kwetu. Wageni walikunywa chai yako wakikunja uso kwa heshima.

Ulipotuacha, nilibaki na nyumba na hayo maji. Nikasoma kwenye simu kwamba kipande cha mbao kilichochomwa juu kikawa cheusi, kikielea majini chini ya kioo, huyanyonya maji hadi juu, hunasa joto la jua na kuyageuza kuwa mvuke. Mvuke unagusa kioo, unateremka matone matone hadi kwenye chupa, na chumvi inabaki nyuma. Kwenye simu ilichukua dakika tatu. Mimi imenichukua mwaka.

Kwanza nilipasua gogo la msaiprasi kwa urefu, kama mbao za kitanda. Maji hayakupanda. Fundi wa viti pale barabarani alicheka sana, akaniuliza kama nimewahi kuona mti ukinywa maji kwa ubavu. Nikakata upya, nikikatiza gogo kama mtu anavyokata ndizi. Maji yakapanda, lakini kila kipande nilichokiweka kwenye jiko ili kiwe cheusi kilipasuka.

Ndipo nikakukumbuka umeketi nyuma ya jikoni na kibuyu cha maziwa ya mursik, ukiingiza kijiti cha mti wa senetwet chenye moto na kusugua ndani polepole. Mimi nilikuwa na haraka, nikitaka kutumbukiza makaa yote mara moja. "Usikichome," uliniambia. "Kipake moto." Nikazipaka mbao moto kwa kijiti hicho hicho. Hakuna iliyopasuka.

Usifurahi sana. Jua la hapa unalijua: linachungulia saa nne, na saa nane mawingu yameshafika. Sanduku zima nililoundia mbao hizo, pamoja na kioo cha dirisha la chumba chako (utanisamehe), linanipa vikombe viwili kwa siku. Viwili, Mama.

Jumamosi Kiprono alifika, lori nyuma yake. Sikubishana. Nilimwonyesha mbao. Juu ya ule weusi kulikuwa na weupe, chumvi yako yenyewe. Akaikwangua kwa ukucha, akaonja, akatikisa kichwa. Nikampikia chai kwa vile vikombe viwili vyangu vya maji. Akanywa taratibu, akakiweka kikombe chini.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini si ya kwa Mama."

Nilitaka kulia na kucheka, ila nilikuwa nimechoka mno kuchagua. Mwaka mzima nimehangaika kutoa kitu ambacho huyu amekuja na mawe huku akikitafuta.

Alitoka akaongea na dereva. Mawe yakamwagwa langoni, ati tutayatandaza kwenye matope mvua ikianza. Watoto, akasema, watakunywa yale ya chupa yangu tu, na mimi nitengeneze masanduku mengine manne. Aliagiza kana kwamba ameniajiri.

Kabla hajaondoka aliomba kikombe kingine. Hakusema cha maji gani. Nikakipika cha kisima. Akakinywa hadi chini, akikunja uso kwa heshima.

Pumzika, Mama. Kisima kipo.

Ni mimi, kitinda mimba wako, mwenye masizi vidoleni.