Nozeli Kwenye Kopo la Chai

Mpendwa Dada Ritha,

Nimeficha nozeli ya injini ya shemeji yangu ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati la vitabu vyangu vya fizikia ambavyo hakuna anayevigusa, na kwa kuwa daktari amenipima moyo safari hii akaacha kunipangia siku ya kurudi, nakuomba unisaidie kabla kopo hilo halijafunguliwa na watu wanaogawana vitu vya marehemu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kondoa, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, na nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai, kuna injini ya dizeli ya mashua ya matanga. Ukitaka kucheka, cheka, Chang'ombe nzima imeshacheka. Mashua yenyewe iko Tanga, imeegemezwa magogo ufukweni, ni ya mbao, iliundwa na baba yake shemeji yangu Hamidu, na injini yake ya Kiingereza ina umri mkubwa kuliko uhuru wetu. Siku ya arobaini ya dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mke wa Hamidu, Hamidu alisema mafundi wa pwani wameishindwa, na mimi, ambaye ukimya wa msibani hunisumbua, nikasema ilete Dodoma, huku kila kijiji kina mashine ya kusaga na kila mashine ina fundi wa dizeli, tena hewa yetu ni kavu, chuma hakishiki kutu. Watu walidhani ni maneno ya kufariji. Hamidu akaipakia kwenye lori.

Fundi Castory, ambaye ametengeneza mashine za kusaga kuanzia Chamwino hadi Haneti, aliifungua yote, akasugua, akabadilisha ringi, akachonga alichokikosa. Kila mavuno yakiisha Hamidu alikuja na papa mkavu na halua, akakaa kwenye benchi mbele ya injini, tukabishana kutwa. Jirani yangu Batholomeo, karani mstaafu, akichungulia juu ya ukuta: "Mzee Nuhu! Bahari imefika Morogoro, jiandae!" Na kwa sababu injini ile hupozwa kwa maji ya bahari, Castory alipoiwekea pipa la maji ya kisima, Batholomeo akasema, "Hapo sawa, maji yetu haya yana chumvi ya kutosha, haitajua kama imehama."

Castory alipokwisha kufunga kila kitu aliitwa msibani Haneti, tukakubaliana tuiwashe akirudi, na kabla hajarudi nikafungua nozeli moja, kile kifaa cha kupulizia dizeli ambacho bila hicho injini haiwaki, nikaitia kwenye kopo. Aliporudi alisema, "Mwalimu, nozeli zote nilizifunga mwenyewe." Nikamjibu mbele ya watu, "Basi labda uliota." Batholomeo akadakia, "Hiyo imeenda kusaga mahindi ya mtu." Kicheko kile kimemfuata Castory hadi leo, wenye mashine wakimwita kazini husimama kumkodolea macho mikononi. Hamidu naye kila mwaka namwambia nozeli nyingine iko njiani, inatoka Uingereza.

Nilifanya hivyo kwa usalama wake. Hamidu ni mzee, macho yake hayaoni mbali, na bahari haina breki. Injini ikipona ataingia majini, na akizama nitamjibu nini dada yangu huko niendako? Kwa hiyo utaona kwamba niliokoa maisha ya mtu. Lakini huniuma Batholomeo anapoiita injini ile maiti, maana hajui mlio wake, mzito, wa taratibu, kama wanawake wawili wanaotwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja.

Sasa Hamidu amepiga simu: "Shemeji, nimechoka kungoja. Kuna mtu anataka mbao za mashua akatengenezee viti vya hoteli. Nimemwambia aje baada ya Idi." Mke wangu Naima hajui lolote. Je, nife nayo kimya, au niseme, na nikisema nianze na nani?

Mwalimu Z., Chang'ombe, Dodoma

JIBU

Shikamoo mwalimu. Pokea heshima yako yote sasa hivi, maana huko chini itapungua.

Pole kwa ugonjwa. Pole hiyo ni ya moyo tu, ya kopo hupati.

Umeiba kifaa kwenye injini ya mfiwa, ukamsingizia fundi aliyekutumikia, kisha unaniandikia ukitaka nikuvishe nishani ya uokoaji. Kama ulihofia macho ya Hamidu, ungemwambia, "Shemeji, huoni, tafuta nahodha kijana." Sentensi moja. Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote hakosi sentensi moja. Badala yake umemkalisha mzee wa watu kwenye benchi, mwaka hadi mwaka, akisubiri mzigo kutoka Uingereza ambao uko hatua chache kutoka alipokaa. Naye anakuletea halua!

Castory je? Yeye hana pensheni, ana jina lake tu. Wewe umelipaka masizi, na hata katika barua ya toba umempa mistari michache, wakati mlio wa injini umeupamba kama harusi.

Hapo ndipo nilipokukamata. Unasema nozeli uliificha kabla injini haijawashwa. Mlio wake uliusikia wapi? Ulikujia ndotoni, kama unavyodai Castory aliota? Mwalimu, umeniandikia ungamo lenye uongo ndani. Hata daktari humdanganyi hivyo.

Sasa sikiliza. Usimwachie Naima kopo, hakuolewa na wewe ili arithi fedheha. Mwite Castory leo, mwite na Batholomeo, kwa sababu aliyetukanwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu hao hao. Mpe nozeli mkononi. Sema, "Niliichukua mimi," kisha nyamaza, usianze hotuba ya usalama wa majini. Halafu mpigie Hamidu kabla ya Idi, kwa sauti yako, usimwandikie ujumbe. Atakuuliza kwa nini. Mimi sijui kwa nini, ila najua si macho yake. Wewe unajua. Mwambie hiyo, na akikutukana, msikilize hadi amalize.

Ritha

(Mwalimu nilimtumia jibu hili kabla ya gazeti kuchapwa. Alinirudishia maneno yafuatayo, akasema yasipunguzwe.)

Dada Ritha, umenibana, na sina tena nguvu za kukimbia. Castory akiwa msibani na Naima akiwa sokoni nilipiga hendeli, ikawaka. Nilikaa kwenye benchi nikaisikiliza hadi maji ya pipa yakapata moto, na upande wa Hamidu kwenye benchi ulikuwa wazi, nikautazama, nikaizima.

Leo Castory amepokea nozeli mbele ya watu. Aliigeuza akasema, "Hii hapa alama ya spana yangu," akaingia chini ya turubai kuifunga, hakunisalimu. Batholomeo alimfuata kumshikia turubai.

Kisha nilimpigia Hamidu, nikamwambia nozeli niliichukua mimi. Akauliza, "Shemeji, kwa nini?"

Nilianza kumwambia habari za macho yake. Nikaacha. Nikamwambia dada yangu hayupo, na hamkujaliwa mtoto wa kukuleta huku, na nilijua ikiwaka utaichukua, na hutakuja tena.