Ufagio wa Bi Ozella

Cleveland, Ohio
3 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje huko Alabama, na yule jogoo wako bado anamkimbiza mchungaji? Sisi huku wazima, ila theluji imerudi kama mgeni aliyesahau kofia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunapiga kelele tu mpaka majirani wanachungulia. Kiwanda kilikula masikio yako, sitaki kile na koo langu.

Baba, nimeinunua. Ile nyumba ya familia mbili, moja chini, moja juu. Chini nakaa mimi, juu napangisha. Mpangaji nimeshampata, na kabla hujarusha miwani, ndiyo, ni mtu wa vocha ya nyumba, ile ya serikali ya kuwalipia kodi wenye kipato kidogo. Sehemu kubwa ya kodi inatoka serikalini kila mwanzo wa mwezi, mpangaji aumwe asiumwe. Wewe ulipangisha ukawa unafukuzana na watu kila Ijumaa. Mimi mbio hizo siziwezi.

Anaitwa Bi Ozella Battle. Binti yake alifariki, akamwachia wajukuu wanne, na wote wamebanana kwa dada yake, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Amezunguka na vocha yake mji mzima, kila mlango jibu ni lilelile: "Vocha hatupokei, mama." Mwezi huu ukiisha bila nyumba, vocha inakufa. Na afisa wa ustawi wa jamii ameshamwambia wazi: bila nyumba, watoto watagawanywa, kila mmoja kwa familia tofauti ya kumlea.

Sasa sikia balaa. Mkaguzi wa ofisi ya nyumba amekuja, tumefeli. Dari ya baraza inabanduka rangi, na rangi za zamani zina sumu ya madini ya risasi. Mjukuu mdogo, Cornell, ana miaka mitano, kwa hiyo sheria haina huruma. Madirisha mawili nayo yamepakwa rangi mpaka yakagandana. Mkaguzi atarudi mara moja tu kabla ya mwezi kwisha, na fundi niliyempata anasema mpaka Juni. Nifanyeje, Baba?

Binti yako,
Loretha


Eutaw, Alabama
9 Aprili

Loretha,

Marahaba. Mgongo upo, jogoo yupo, na mchungaji siku hizi anapitia mlango wa nyuma.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikwambia nini? Nunua nyumba, sawa, lakini watu wa vocha kaa nao mbali! Watakung'olea masinki, watakuachia mende wenye majina. Kitu cha bure hakimuumi mtu roho.

Haya, dari. Usiikwangue kavu, vumbi lake litakuua. Ilowanishe kwanza, halafu kwangua taratibu, na mtoto yeyote asisogee. Ukimaliza, paka buluu hafifu. Baraza lisilo na dari ya buluu linakaribisha mizimu, na marehemu mama yako angekwambia hivyohivyo. Dirisha pitishia kisu kwenye ufa wa rangi, usilisukume kwa hasira zako.

Zaidi ya hapo usiniulize. Sipandi basi kwenda kubeba ngazi kwa ajili ya watu wa vocha.

Baba yako,
Rufus Gaither, mkuu


Cleveland
15 Aprili

Baba,

Shikamoo, mkuu. Ila katika familia hii mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia, sasa sijui nani atavunjika guu.

Aliyevunjika ni mimi, karibu. Nimelowanisha, nimekwangua, nimeanguka kwenye ngazi. Kifundo cha mkono kimevimba, brashi haishikiki. Madirisha yamekubali, lakini dari bado nusu.

Bi Ozella alikuja kuiona nyumba. Baba, laiti ungekuwepo! Alipanda juu polepole, akasimama katikati ya jiko tupu, akaniuliza, "Naweza kugusa ukuta?" Ukuta! Nikamwambia gusa tu, mama. Cornell yeye alifika kwenye mlango wa chumba cha kulala, akabisha hodi. Chumba kitupu! Nikamuuliza anambishia hodi nani. Akasema, "Sijui wenyewe wako wapi." Nikajifanya nakohoa.

Mkaguzi anakuja tarehe ishirini na sita. Sikuombi kitu. Nakueleza tu.

Loretha wako


Eutaw
7 Mei

Binti yangu,

Nimefika nyumbani salama, basi lilikuwa na joto la oveni. Mkono vipi? Endelea kuukanda.

Siku ile kabla ya ukaguzi, uliponikuta mlangoni kwako na mfuko wa vifaa vya kukwangulia, ulilia, ukadhani nimekuja kwa ajili ya mkono wako. Nilikuja kuona masinki yanavyong'olewa, nikuambie, "Si nilisema?" Sasa acha nikueleze ambayo hukuyaona, maana wewe siku ya ukaguzi ulikuwa kazini.

Mkaguzi alisimama chini ya ile dari niliyoimalizia kwa buluu, akainua shingo, akapapasa, akapapasa tena. Kisha akasema kitu. Unajua mimi, sikusikia hata herufi. Nikamgeukia Bi Ozella, amesimama njiani na wale watoto wote wanne wameshikana mikono. Nikauona uso wake. Loretha, sijawahi kusoma kitu kwa haraka namna ile. Tumepita!

Siku ya kuhamia sitasema mengi, ila ulinitia aibu. Mtoto wa mwanamke wa Alabama, unapanda ngazi na ufagio wa zamani wa Bi Ozella begani! Nani asiyejua kwamba ufagio wa zamani hauhamii nyumba mpya? Unabeba mikosi yote ya kule mtu alikotoka. Yule mama akakaa ngazini, "Siingii," na vocha mkononi, na mvua inanyesha. Ndiyo maana niliuvunja kwa goti pale uani nikakimbilia dukani kununua mpya. Goti bado linauma.

Lakini ulipokuwa unapokea masanduku, mimi nilikuwa juu naye. Alitangulia na ufagio mpya na chumvi ya kufukuzia mikosi. Akavua viatu. Akawaita watoto mmoja mmoja kwa jina lote, la baba na la ukoo, na kila aliyeitwa aliweka kiganja mlangoni ndipo akaingia. Kofia nilijikuta nimeivua. Nimekaa kanisani maisha yangu yote, sijaona kitu kama kile.

Na kesho yake, umeshaenda kazini, nimekaa mezani kwako na kahawa. Kimya, kama ilivyo kwangu siku zote. Mara naiona kahawa inatetemeka kikombeni. Nikadhani ni mkono wangu. Nikauondoa, bado inatetemeka. Nikaweka viganja vyote viwili mezani, nikavua soksi, nikakanyaga sakafu. Watoto wanakimbia juu, Loretha! Nilisikia. Kwa viganja na nyayo, lakini nilisikia, mzee mzima nikalia kama mtoto. Baadaye Cornell alishuka, nikamwambia siri yangu, kwamba mimi nasikia kwa miguu. Alinitazama kama nimemwambia naweza kuruka angani.

Ile ya mende wenye majina, ifute.

Baba yako


Cleveland
21 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkono umepona, goti lako je?

Habari kubwa kwanza. Afisa wa ustawi wa jamii amekuja, amekagua vitanda, amefungua friji, amefunga faili. Watoto wanabaki na bibi yao, wote wanne, basi! Bi Ozella alishuka na sufuria ya sukumawiki na mkate wa mahindi, akaniwekea mezani. Tukala.

Sasa kesi yako. Umemwambia nini huyu mtoto? Kila asubuhi kabla ya shule anasimama kwenye sakafu yao, sawa kabisa na ilipo meza yangu huku chini, anakanyaga mara tatu: du, du, du. Anakusalimia. Amekupa jina, "Babu wa Chini." Nilimweleza umerudi Alabama. Akafikiri, akasema, "Basi nitakanyaga kwa nguvu. Alabama ni mbali."

Ule mpini uliouvunja, kipande kirefu nilikiokota uani. (Usipige kelele, kipo kwangu, hakijapanda juu.) Watu wote mtaani hugonga dari kwa ufagio ili wa juu wanyamaze. Mimi nagonga kumjibu kwa niaba yako. Jana niliunguza mayai, nikachelewa kumjibu. Baba, hakuondoka. Nilisikia amesimama palepale juu, anangoja.

Binti yako,
Loretha


Eutaw
27 Mei

Loretha,

Salamu tutapeana uso kwa uso. Jogoo nimempa mchungaji, wapatane wenyewe. Basi langu linafika Alhamisi asubuhi, na safari hii nimebeba na koti la baridi.

Mpini usiuguse tena, huo ni wangu. Niwekee kahawa mezani. Usiijaze sana, isije ikamwagika.

Babu wa Chini