Hitma ya Mtu wa Karagwe

Ndama, Karagwe
12 Shaabani 1315

Kwa dada yangu mpendwa Mwanahalima, Pangani,

Shikamoo, dada. Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Mama kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima. Najua neno hilo huandikwa katika kila barua, lakini safari hii lisome mara mbili: mimi ni mzima.

Juzi Mzee Kibwana aliwasili na msafara kutoka huko pwani kupitia Tabora, akanikuta kibarazani kwangu napima chumvi. Alinitazama, akaketi palepale juu ya mzigo wa watu, akasema, "Shehe, wewe si tumekusomea hitma?" Nikacheka. Aliponieleza kwamba mama amekaa matanga na hataki kula, kicheko kikanikatika.

Kumbe mlipata habari kwamba mtu wa Pangani aliyeko Karagwe amekufa kwa tauni. Dada, tauni ilikuwa Kiziba, kule ziwani, mwendo wa siku kadhaa kutoka hapa. Huku Ndama haikufika. Lakini ninyi watu wa pwani nchi zote hizi kwenu ni Karagwe tu! Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana huku nami naitwa Mwunguja, na Unguja sijapata kuikanyaga. Mama mmoja jirani anayeniuzia kahawa kila akija huniuliza, "Unguja hawajambo?" Namjibu hawajambo. Nimechoka kueleza.

Sasa nisikilize vizuri. Aliyekufa ni Abdulatifu, mwana wa Bi Maua. Ndiyo, Bi Maua wetu, tunayepakana naye ukuta. Alifungua duka Kiziba mwaka jana. Nilipata habari za msiba wake kwa watu wa huko waliokuja Kihanga, humu Karagwe, kununua ng'ombe. Walisema Waislamu wenzake walimwosha na kumzika vizuri. Nimemlilia sana, maana tulipanda pamoja kutoka pwani, tukila sahani moja.

Nilidhani waliomzika wamekwisha kumpelekea mama yake habari. Walipeleka kweli, ila zikaingia nyumba isiyo yake, kwetu. Kibwana ananiambia Bi Maua ndiye aliyewapikia uji wa matanga na kumbembeleza mama, na kwamba alipoulizwa habari za mwanawe alimshukuru Mungu kuwa yeye yuko Kiziba, si Karagwe. Maneno hayo yameniuma kuliko hitma yangu mwenyewe.

Basi nakuomba, dada, usimwambie mtu kwanza. Mchukue shangazi Mwaja, mwende kwa Bi Maua, mkae naye, mwambieni taratibu. Asiachwe peke yake. Kisha wakusanyeni watu upya, Abdulatifu asomewe hitma kwa jina lake. Na uji wa matanga safari hii mpike ninyi.

Msalimie mjomba Hamadi na shemeji, uwabusu watoto wote. Mungu awahifadhi na atukutanishe tukiwa na afya.

Mkitoka kwa Bi Maua ndipo umwambie mama kwamba niko hai. Najua atataka kupiga vigelegele, na ukuta ule ni mwembamba. Mzibe mdomo kwa mkono wako, dada. Amwache mwenzake alie kwanza.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, niliye hai,

Shehe