Chai ya Nyuma ya Pazia

Dada Zuhura,

Nakuandikia kutoka pwani ya Dubai. Tumekodi gari lenye vitanda na jiko. Ukungu ulituchelewesha asubuhi nzima, tukasimama msikitini kuswali adhuhuri. Msafiri huruhusiwa kupunguza rakaa, basi mimi na mwanangu Salim tukamaliza upesi, tukaondoka. Njiani nikapitisha kikombe cha chai nyuma ya pazia la vitandani kwa wifi yako Asha. Hakuna mkono uliopokea.

"Salim, geuza! Mama yako hayumo!"

Tulimkuta kwenye mlango wa wanawake, peke yake juani.

"Umepunguza rakaa, ukaona unipunguze na mimi?"

Sasa ufunguo wa gari unakaa mkobani mwake, na haondoki mtu mpaka amalize sunna zake. Anakubusu sana. Mimi ameninunia, niombee.

Kaka yako, Said